Programu ya 2+1 na Malaysia: MOU inatosha au krediti zangu zitagoma kule?

BintiMbagala

Wakuu habari za mchana, naombeni mwongozo maana kichwa kimevurugika. Niko mwaka wa pili digrii ya IT chuo kimoja binafsi hapa Dar, wakati tunadahiliwa tuliambiwa kuna programu ya 2+1, yani unapiga miaka miwili hapa mwaka wa mwisho unaenda kumalizia Malaysia chuo mshirika na cheti unapewa cha kule. Sasa semista inaelekea kuisha wametugawia fomu, tunatakiwa tulipe ada ya usajili ya kule pamoja na kitu wanaita gharama za uratibu ndo barua itoke. Nikauliza je kozi zangu zote zitahesabiwa? Jibu nililopata ni "msiwe na wasiwasi kuna MOU". Kweli ukumbini kuna picha kubwa wazungumzaji wamepeana mikono na bendera mbili mezani.

GPA yangu 3.4, nina C tatu, sapu moja (mtihani wa marudio) nilishaisafisha mwaka jana. Mzee yuko tayari kuuza kiwanja so sitaki kukurupuka. MOU inatosha jamani? Na mkopo wa Bodi nao unaenda?

FailiLaKijani

Dada, mimi nipo ofisi ya msajili chuo fulani cha umma, haya mambo napishana nayo kila muhula, ngoja nikueleze taratibu.

MOU ni makubaliano ya jumla kwamba hawa wawili wanataka kushirikiana. Kubadilishana walimu, tafiti, wanafunzi, vyote wanaandika humo hata kama hawana mpango navyo kesho. Haimlazimishi mtu yeyote kupokea krediti ya mtu yeyote. Kinachokulinda wewe ni mkataba wa utekelezaji wa programu hiyo yenyewe ukiwa na jedwali la kozi, kushoto kozi ya hapa na namba yake, kulia kozi ya kule unayosamehewa kwa ajili yake, chini saini za pande zote na tarehe ya mwisho ya mkataba. Kama jedwali halipo basi kule utapimwa kozi moja moja kama mtu aliyetoka mtaani, na anayepima ni idara inayokupokea, sio hiyo ofisi ya ushirikiano iliyopiga picha.

Halafu kuna hesabu ambayo watu hawaifanyi. Kwetu krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na hapo unahesabu darasani, maabara, kujisomea, mitihani vyote. Mwaka ni krediti 120, digrii ya miaka mitatu ni 360 kwa uchache. Malaysia krediti 1 ni saa 40, na digrii yao inaanzia krediti 120. Sasa chukua miaka yako miwili, krediti 240 mara saa 10 ni saa 2,400. Gawa kwa 40 unapata krediti 60 za kwao. Digrii inataka 120, unabaki na 60, na mwanafunzi wa kule anabeba kama 40 kwa mwaka. Yani hata wakikupokelea kila kitu bila kubagua, kwa karatasi hizo 60 haziingii kwenye mwaka mmoja. Ndo maana nakwambia ulizia jedwali, inawezekana programu yenu imejazwa krediti nyingi kuliko kima cha chini ndo maana wakasema 2+1, inawezekana pia hakuna aliyekaa chini na kalkuleta.

Kuhusu mkopo usitegemee ukufuate, umepangiwa kwa chuo cha hapa na kozi ya hapa. Nenda Bodi uulize kwa maandishi kabla hujahama maana ukiondoka kimya kimya utajikuta na deni na maswali.

Kijana_wa_Thika

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu ukihama chuo ndani ya nchi CUE, yani tume yetu ya elimu ya vyuo vikuu, imeweka kikomo, unaweza kuhamisha hadi asilimia 49 ya masomo ya msingi kutoka programu inayofanana, iliyobaki lazima uisome kwa yule anayekupa cheti. Maana yake chuo hakiwezi kuweka jina lake kwenye digrii ambayo nusu yake kubwa ilifundishwa na mtu mwingine, na mimi naona hapo wako sawa kabisa ata kama inauma mfukoni. Sasa huyu dada anaambiwa miaka miwili kati ya mitatu ipokelewe, hiyo ni kama asilimia 67 hivi. Si kusema haiwezekani, Malaysia wana sheria zao, lakini mimi ningeuliza mara mbili.

MzeeWaUpanga

Vijana mnahangaika sana. Enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, 1963 hadi 1970, mambo haya yalikuwa ya nyumba moja, anayetaka sheria anakuja Dar, uhandisi anakwenda Nairobi, udaktari Makerere, hakuna aliyeulizwa krediti. Wakavunja wenyewe kila mtu na chake.

Chausiku_TZ

Mzee shikamoo. Lakini si wamesharudisha? Mwaka 2017 marais walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu, hapahapa Dar, na kuna lile baraza la vyuo vikuu lenye makao Kampala, IUCEA. Mdogo wangu alihama toka Uganda kuja hapa wakamwambia aanze mwaka wa kwanza!! sasa hilo eneo moja liko wapi

FailiLaKijani

@Chausiku_TZ tangazo lipo na mfumo wa sifa za elimu wa jumuiya upo, unasaidia kwenye lugha, yani nikisema digrii na wewe ukasema digrii tunamaanisha kiwango kilekile. Kupokea somo mojamoja bado ni kazi ya chuo, na seneti ya chuo haipangiwi na Kampala. Mdogo wako nahisi alileta transkripti tupu, yani karatasi ya matokeo peke yake. Transkripti inasema "Database, B+". Database gani? Imefundishwa saa ngapi, kitabu gani, maabara ilikuwepo? Bila muhtasari wa kozi mkuu wa idara hana cha kulinganisha, na asiye na cha kulinganisha anasema hapana, ndo salama yake.

mtukwao88

Mimi sitaki kona kona. Malizia hapa chukua digrii yako yenye ithibati ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), Malaysia utaenda kusoma masta ukiwa mtu mzima na kazi yako. Kuuza kiwanja kwa ajili ya mwaka mmoja wa kupiga picha kwenye maghorofa pacha hapana aisee

NilipitaKL

@mtukwao88 punguza basi 😂 wapo waliofaidika, mimi mmoja wapo, ila nilienda na makaratasi.

BintiMbagala sikiliza, zile C tatu zako ndo za kuangalia kwanza. Sheria ya kule kozi inapokelewa kama umepata angalau C na maudhui yanafanana asilimia 80. Ukisikia C unaona uko salama, subiri. C ya kwetu inaanzia 40, C ya wengi wao iko juu ya hapo, kwahiyo C yako inaweza kusomeka kama D ya kwao na ikatupwa. Kinyume chake pia kipo, A yetu inaanzia 70, mtu asiyejua mfumo wetu akiona 72 anadhani wewe ni wa katikati tu. Mimi nililazimika kuomba barua kutoka chuoni inayoeleza madaraja yetu, ikagongwa muhuri, nikaiambatanisha na transkripti. Barua ya ukurasa mmoja ilibadilisha kila kitu. Na alama zenyewe usitegemee ziende, mara nyingi kozi inapokelewa kama krediti bila daraja, GPA unaanza upya kule kwahiyo huo mwaka mmoja ndo unabeba daraja lako lote la digrii, ukiteleza semista moja hakuna cha kuifidia.

Jambo lingine ukirudi na cheti cha nje TCU lazima wakitambue kabla ya kuombea ajira serikalini. Waulize sasa, kabla ya kwenda, kama hicho chuo na hiyo programu wanaitambua, na kama programu ya pamoja hiyo walipewa taarifa.

BintiMbagala

Asanteni sana jamani mmenifumbua macho. Leo tumeenda watatu kwa mratibu tukaomba hilo jedwali. Kwanza akacheka, baadae akatuonyesha MOU yenyewe, kurasa tatu, kuhusu wanafunzi imeandikwa kwamba pande zote "zitaangalia uwezekano" wa kupokea krediti. Na muda wake umeisha mwaka jana, anasema inahuishwa. Fomu tumeambiwa mwisho Ijumaa.

FailiLaKijani

Ijumaa ni ya kwao, sio ya chuo cha Malaysia. Usilipe. Ingia tovuti ya kule chukua email ya udahili wa wanafunzi wa kimataifa, waandikie mwenyewe, taja chuo chako, uliza mambo mawili tu: mkataba wa kupokea krediti kutoka kwetu upo hai? na kwa transkripti hii niliyoambatisha mtanipokelea krediti ngapi na nitabakiza semista ngapi? Jibu lao la maandishi ndo utampelekea mzee.

BintiMbagala

Sawa kaka nafanya usiku huu. Hiyo mihtasari ya kozi naiomba wapi, kwa lekchara au kwa registra?

NilipitaKL

Idarani. Omba ya mwaka ule uliosoma wewe, sio ya sasa, maana mtaala ukifanyiwa mapitio namba za kozi zinabadilika na haitalingana na transkripti yako. Na kila ukurasa muhuri, mimi kurasa mbili zilisahaulika ikabidi nimtume mtu tena.

mtukwao88

Na mzee mwambie kiwanja asiuze bado