Mabomba yanagonga ukutani kila nikifunga koki, tatizo nini?

mpangaji_juu: Wakuu habari zenu. Kila nikifunga koki ya jikoni haraka ukuta unapiga GDU! na mashine ya kufulia ndo balaa kabisa, ikikata maji tu nyumba nzima inasikia. Alafu usiku mtu akiflashi choo kunakuja muungurumo mwingine, unaishia tanki likikaribia kujaa. Kuna mtu kaniambia ni hewa tu niachane nayo, kweli?

fundi_koki: Hayo ni mawili tofauti mkuu usiyachanganye. GDU ni maji yanakimbia alafu yanazuiwa ghafla, ule mshtuko unarudi kwenye bomba, na kama klipu zinazoshika bomba ukutani zimelegea bomba linaruka na kupiga ukuta. Mashine ina valvu ya umeme, inajifunga chap kuliko mkono wako, ndo maana kelele zake zimezidi. Anza na presha, funga geji ya kupima presha kwenye koki ya nje usome, ikizidi baa (kipimo cha presha) 5 na kitu weka valvu ya kupunguza presha. Kaza na klipu unazozifikia. Ya chooni ni valvu ya boya, ile inayokata maji tanki likijaa, imechoka, inatetemeka wakati inajifunga, badilisha yote tu usihangaike kuitengeneza.

dada_wa_mabomba: Hewa mbona mara nyingine ndo inayosaidia jamani. Nyumba nyingi za zamani zina kipande cha bomba kimesimama kimezibwa juu, ile hewa ya ndani ndo inapokea mshtuko, sasa miaka ikienda kinajaa maji kazi inaisha. Funga valvu kuu, fungua koki zote za juu mpaka ile ya chini kabisa, maji yaishe, alafu funga zote urudishe maji pole pole. Hita ya tanki izime kwanza tafadhali! Isipotulia, kuna kifaa cha kuzuia mshtuko kinafungwa karibu kabisa na mashine, ukikiweka mbali hakisaidii sana.

mpangaji_juu: Asanteni sana. Na koki ya bafuni inayopiga mluzi ukiifungua kidogo?

fundi_koki: Mpira wa ndani umeisha huo, badilisha. Na usiache presha kubwa hivi hivi eti umezoea kelele, viungio vinalegea taratibu ndani ya ukuta, utakuja kuona rangi inabanduka ndo ushtuke.

mpangaji_juu: Sawa, geji kwanza kesho alafu nitaleta namba hapa.