Mdogo wangu kakata lebo ya suruali kwa wembe, naombeni ushauri

DadaMkubwa:
Wakuu, habari za leo. Naishi Dar na mdogo wangu wa kike, miaka 16, yuko kidato cha tatu. Jumamosi nikiwa nafua nikakuta jinzi yake mpya imenyofolewa lebo kwa wembe mpaka kitambaa kimetoboka. Nilipomuuliza akaangua kilio. Jinzi zake za mtumba zote zimeandikwa 10. Hii tuliyonunua dukani Kariakoo imeandikwa XXL. Inamkaa vizuri kabisa, lakini tangu tuilete nyumbani chakula cha usiku hagusi, anasema kashiba.

La pili ni shule. Januari tulimhamisha kutoka shule ya kata kwenda ya binafsi. Kule akipata 66 anaandikiwa B, kama Baraza la Mitihani, ambako B inaanzia 65. Huku A inaanzia 81, na 66 yake ileile ni C. Anaamini kanenepa na kawa mjinga ndani ya muhula mmoja.

Linaniuma kwa sababu limenikuta. Nilimaliza kidato cha nne 2012. Februari 2013 matokeo yakatoka, nina sifuri. Baba hakunisemesha wiki nzima. Mei serikali ikayafuta, yakapangwa upya, nikawa na divisheni ya nne. Karatasi zangu zilikuwa zilezile, hakuna neno nililoongeza. Nimemsimulia, haimwingii. Nianzie wapi?

FundiSindano:
Pole sana dada. Nina miaka 19 kwenye cherehani. Mteja akija simuulizi saizi, namwambia simama wima, nyoosha mikono, napima. Mtumba unatoka kila nchi: 12 ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani na 40 ya Ufaransa. Nguo zilizokatwa kwa vipimo vya China huwa ndogo, ndiyo maana XXL inaingia kwa binti wa kawaida. Na hata nchi moja haitulii. Marekani mwaka 1958 walitoa vipimo rasmi, 8 ya mwanamke ikawa kiuno cha inchi 23 na nusu. Vipimo hivyo viliondolewa 1983, kila kampuni ikajipangia, na wengi wakapanua nguo huku namba wakiiacha ndogo ili mteja afurahi. Mpe tepu ashike mwenyewe.

MzeeWaKazi:
Mnawadekeza. Alama zimechezewa sana nchi hii: matokeo ya 2014 yalitolewa kwa GPA, yaani wastani wa pointi, mara distinction, mara merit, ya 2015 tukarudi divisheni. Shule inayodai 81 inamjenga. Akaze.

MwalimuLikoni:
Mzee, shikamoo, ila hapo sikubaliani nawe. Nafundisha Mombasa. KCSE, mtihani wetu wa Kenya wa kumaliza sekondari, ya 2015 ilikuwa na A zaidi ya elfu mbili, ya 2016 zikawa 141. Wizi wa mitihani ulizibwa, sawa, lakini watoto waliofanya kwa haki mwaka huo wanabeba cheti ambacho waajiri wanakilinganisha na cha kaka zao bila kuuliza mwaka. Dada, omba karatasi za mtihani zenyewe, si ripoti pekee. Akae aone maswali aliyokosa muhula uliopita na anayokosa sasa. Hapo ndipo atajua kama kashuka kweli, na kama kashuka, ni mada gani.

Nesi_K:
Mimi linalonitisha ni chakula. Usitaje uzito mezani, hata kwa kumsifia. Kaa naye, kuleni pamoja. Akiendelea hivi, au hedhi ikikatika, au akawa na kizunguzungu, mlete hospitali, usingoje mpaka akonde.

DadaMkubwa:
Asanteni sana. Mzee, nimekusoma pia, nia yako naielewa. Jioni hii tumetandaza jinzi zote nne kitandani, tepu nimeazima kwa jirani. Za 10 zilizopishana zaidi zimepishana inchi mbili kiunoni! Ya XXL imelingana na mojawapo, sawasawa. Hakuniamini, akapima tena mwenyewe, akaandika namba nyuma ya daftari la hesabu. Hajasema kitu. Ugali kala nusu, samaki kaacha. Kesho asubuhi napita kwa mwalimu wa taaluma kuomba zile karatasi. Nesi, nitakuandikia pembeni usiku huu.