Naomba ushauri: kaka anataka kuingiza katapila mtoni bila kibali

Habari zenu wakuu. Shamba la kaka yangu linapakana na mto unaolindwa kisheria. Kila mafuriko yakija, ukingo unamegeka. Safari hii uzio umeenda na maji, na mti mkubwa umebaki mizizi inaning'inia hewani. Sasa kaongea na mwenye katapila aje anyooshe mto na kuchota kokoto. Kibali hana. Ukimuuliza, jibu ni moja: ardhi ni yangu.

Nimempa mfano wa yule mkulima wa Herefordshire, Uingereza, aliyechimba na kufyeka kingo za mto Lugg kwa urefu wa kama kilomita 1.5. Naye alidai anazuia mafuriko. Mwaka 2023 alihukumiwa kifungo cha miezi 12, juu yake gharama za pauni 600,000. Kaka kacheka tu, eti huyo alizidisha.

Ninavyoelewa, mto ukinyooshwa maji yanakimbia zaidi, balaa linahamia kwa jirani wa chini. Na kwenye kokoto hizo hizo ndiko baadhi ya samaki hutagia.

Mliowahi kuomba kibali cha kazi ya mtoni, mlianzia ofisi gani, na mlidaiwa nini? Kutoa mti mmoja ulioanguka ukaziba maji nako ni mpaka kibali? Kuna aliyepanda miti ya kushika udongo ukingo ukatulia kweli? Halafu mwenye katapila naye anaweza kushtakiwa? Naona huyo ndiye rahisi kumtisha.