Tupeane uzoefu: chakula cha Asia ulichokula kwao, na kile unachokipika mwenyewe nyumbani

Mama wa Upanga (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nyuzi za "mgahawa gani wa Kichina mzuri mjini" zimejaa, kwa hiyo hapa tuongee mengine. Nawaita waliosoma Asia, waliofanya biashara huko, waliopeleka wagonjwa, walioolewa huko au wenye majirani wa huko. Mlikula nini majumbani na vibandani? Kipi mmekihamishia jikoni kwenu, viungo mnapata wapi, na kisichopatikana mnaweka nini badala yake? Mimi naamini kabisa kwamba jiko la kule na jiko la pwani yetu yako karibu kuliko menyu za migahawa ya hapa zinavyoonyesha.

Naanza. Mama alipopelekwa Chennai, India, kwa matibabu, mimi ndiye niliyemsindikiza. Waliokwenda wanayajua maisha yale: unapanga chumba karibu na hospitali, jiko mnachangia, na kwenye ngazi unasikia Kiswahili kama uko Kariakoo. Mwenye nyumba wetu alikuwa mama mtu mzima wa Kitamil, hali nyama kabisa. Asubuhi ni idli (vikeki vya mvuke vya mchele na choroko) au dosa (chapati nyembamba ya unga huo huo) na sambar, mchana wali na sambar, na usiku mara nyingi ile ile iliyobaki. Wala hatukuchoka.

Sambar ni mchuzi wa mbaazi. Mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, zinachemshwa na manjano mpaka zinapondeka zenyewe. Pembeni unachemsha mboga kwenye maji ya ukwaju: biringanya, bamia, karoti, vitunguu vidogo vizima, na maganda mabichi ya mlonge. Ndiyo, mlonge huu huu ulioota nyuma ya nyumba zetu, ambao tunahangaika na majani yake tu. Unatia bizari yenye giligilani, uwatu na pilipili kavu zilizokaangwa na kusagwa, unachanganya na mbaazi, inachemka pamoja kidogo. Halafu kazi ya mwisho, ambayo ukiiruka umepika maharage: kikaango kidogo, mafuta yapate moto sawasawa, mbegu za haradali zirukeruke, pilipili kavu, majani ya mchuzi, na mvuje kidogo sana. Unamwagia juu ya sufuria na kufunika papo hapo. Harufu ile ndiyo iliyomrudishia mama hamu ya kula baada ya upasuaji, baada ya siku za kusukuma sahani.

Hapa Dar vyote vinapatikana soko la Kisutu na maduka ya viungo ya jirani. Mbaazi zilizokobolewa uliza tuvar. Unga wa dosa nausaga mwenyewe: mchele vikombe vitatu, choroko nyeusi zilizomenywa kikombe kimoja, uwatu kijiko cha chai. Loweka tangu asubuhi, saga jioni, acha usiku kucha uumuke. Joto la Dar linakusaidia, hauhitaji hamira. Unga ukibaki siku ya pili, utie vitunguu na pilipili, washa chuma cha vitumbua, pika humo humo. Wao nao wana chuma kama hicho hicho na chakula hicho wanakiita paniyaram.

Haya, karibuni.

Mkulima Babati

Dada, umenigusa penyewe. Sisi huku tunalima mbaazi, na kwa miaka mingi tulizilima kwa ajili ya India, siyo kwa ajili ya sufuria zetu. Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje, ili kuwalinda wakulima wao waliokuwa wamevuna sana. Bei huku ikaporomoka, watu wakabaki na magunia ndani. Wapo waliozilisha mifugo. Mke wangu ndiye aliyeanza kuzipika kwa aina zote, na za nazi akafundishwa na jirani wa Tanga. Leo ndiyo nasikia wenyewe wanunuzi wanazitia ukwaju. Swali: mbaazi nzima na ganda lake inafaa kwa sambar?

Mama wa Upanga

Kaka pole sana kwa mwaka ule. Nzima inakubali ila haisagiki laini, na mchuzi unakuwa mweusi mweusi. Loweka usiku, sugua maganda yatoke kadiri yanavyoweza, kisha chemsha. Mkipata mashine ya kukoboa na kupasua hapo hapo Babati, mjue mjini tunanunua.

Mzigo wa Xiaobei

Mimi nilikuwa nafuata mizigo Guangzhou. Wafanyabiashara wengi wa Kiafrika tunafikia Xiaobei, na pale utapata ugali na samaki kwa Waafrika wenzako, lakini anayekula ugali tu Guangzhou amejinyima.

Mkombozi wetu Waislamu ni vibanda vya tambi za kuvuta kwa mkono. Wenyewe wanaziita tambi za Lanzhou, ingawa wengi wa wanaoviendesha ni Wahui, Waislamu wa China, waliotoka mkoa wa Qinghai. Simama karibu na dirisha uangalie. Jamaa anachukua donge la unga lililokwisha kupumzishwa, analivuta mikono yote miwili, analikunja, analigonga mezani, anavuta tena. Kila kunja moja tambi zinaongezeka mara mbili, mpaka zinakuwa nyuzi, na zote zinatoka donge lile lile. Unachagua mwenyewe unene, kuanzia nyembamba kama unywele hadi pana kama mkanda. Supu ni ya mifupa ya ng'ombe, nyeupe inayoonyesha chini ya bakuli, vipande vya figili, majani ya giligilani, na mafuta ya pilipili unajiwekea.

Ushauri kwa wanaokwenda sasa: zamani vibao vingi vilikuwa na Kiarabu pembeni. Siku hizi sehemu nyingi kimeondolewa, zimebaki herufi za Kichina tu. Zikariri hizi mbili, 清真, ndiyo halali. Ziweke kwenye simu kabisa.

Nyumbani tambi za kuvuta sijazipika na sidhani kama nitajaribu, wenzetu wanaanza kujifunza wakiwa vijana wadogo. Nilichokileta ni kuku wa kuchemsha wa Kikanton. Kuku mzima anazamishwa kwenye maji yenye tangawizi na vitunguu majani, moto mdogo, maji yasichemke kwa fujo. Akiiva unamtia kwenye maji ya barafu, ngozi inakaza. Kachumbari yake ni tangawizi na vitunguu majani vilivyokatwa vidogo sana na chumvi, juu unamwagia mafuta ya moto. Basi. Tumia kuku mdogo wa kienyeji, ladha yote ni ya kuku mwenyewe.

Mwanafunzi Penang

Wana pwani, siku mtakayofika Malaysia agizeni nasi lemak asubuhi. Ni wali wa nazi! Na pembeni yake, dagaa wakavu waliokaangwa wakakauka kabisa, karanga, vipande vya tango, yai, na sambal. Vinafungwa kwenye jani la mgomba, bei ya mwanafunzi. Mara ya kwanza kufungua nilimpigia simu bibi yangu Pangani nikamwambia wamechukua chakula chako wakatia karanga.

Tofauti iko kwenye sambal na kwenye jani la pandan wanalolifunga fundo na kulitia ndani ya wali. Pandan kwetu sijaliona sokoni, mimi natia bua la mchaichai lililopondwa. Harufu siyo ile, ila ni nzuri kwa namna yake. Sambal: pilipili kavu zilizolowekwa, vitunguu, kitunguu saumu, na kamba wakavu waliosagwa badala ya ule mkate wao wa kamba waliochachishwa. Saga, kaanga kwa mafuta mengi na moto mdogo mpaka mafuta yajitenge juu na rangi igeuke nyekundu iliyoiva. Hapo ndipo unatia ukwaju na sukari kidogo. Wengi wanaharakisha hapo kwenye kukaanga, na pilipili mbichi inawakaba koo.

Dagaa wa Kigoma ndio wanaofaa zaidi, wa Mwanza wana uchungu kidogo. Wa Mwanza msinipige mawe.

Msukuma Halisi

Dagaa wa Mwanza toa vichwa, hauna uchungu wowote. Endeleeni.

Muuza Vito

Thailand naifahamu kwa sababu ya mawe. Bangkok, na Chanthaburi ambako soko la vito linachangamka mwisho wa wiki. Mengi yamesemwa juu ya chakula chao, mimi nitasema moja tu, la tui.

Mama zetu pwani wanakoroga tui bila kuacha ili lisikatike. Likikatika mpishi amejiaibisha. Mthai anayepika kari ya kijani anafanya kinyume: anachukua kasimile, lile tui zito la kwanza, analichemsha peke yake mpaka likatike na mafuta yatokeze juu. Kisha viungo vilivyotwangwa anavikaanga ndani ya mafuta hayo ya nazi, ndipo linafuata tui jepesi na nyama. Nilimwona mama mmoja Chanthaburi akikuna nazi kwa kukalia kigoda chenye meno mbele, ungesema ameazima mbuzi ya nazi kwetu. Nimejaribu kukatisha tui hivyo hivyo kwa mchuzi wa pweza nyumbani, na harufu ya mchuzi ilibadilika kabisa, ikawa nzito na tamu. Jaribuni. Ila tui liwe la kukuna mwenyewe, la boksi mengi hayakatiki.

Nilikula kari ya kijani kwenye mgahawa mmoja wa hapa mjini, ikaja tamu kama uji wa mtoto. Sikurudi.

Mke wa Ibra

Assalamu alaykum. Watu wanasahau kuwa Oman nayo ni Asia. Mimi ni wa Unguja, nimeolewa Ibra, na ukweni kwangu wazee wanaongea Kiswahili kuliko mimi, kwa kuwa walizaliwa Zanzibar.

Chakula nitakachokielezea ni shuwa ya Idi. Mbuzi au kondoo anakatwa vipande vikubwa, anapakwa kitunguu saumu, giligilani, bizari nyembamba, karafuu, iliki, mdalasini, pilipili manga na siki. Wanawake tunakaa chini duara na mabeseni, mikono inawaka pilipili mpaka usiku. Nyama inafungwa kwenye majani ya mgomba makavu, inatiwa kwenye mfuko uliosukwa kwa makuti ya mtende, na kila familia inaweka alama yake ili mifuko isichanganyike. Shimo ni la mtaa mzima. Wanaume wanachoma kuni mpaka zibaki makaa, wanaitumbukiza mifuko yote kwa pamoja, wanafunika kwa bati na udongo, moshi usipenye popote. Inakaa siku nzima, wengine mbili. Siku ya kufukua, watoto wameshajipanga tangu alfajiri, na nyama unaishika mfupa unatoka wenyewe.

Ukweni kwangu siku ya kwanza ya Idi ni arsiya, wali uliopondwa na nyama, upande wa boko boko letu. Siku ya pili mishikaki, ya tatu shuwa. Bila shimo, nilipika kwa dada yangu Mbweni: nyama ile ile, majani ya mgomba, foili juu, oveni moto mdogo usiku kucha. Inalainika vizuri. Moshi ndio unaokosekana, sitawadanganya.

Jirani wa Toronto

Kwa Wairani ukoko ndio wa mgeni. Nilipoalikwa na jirani yangu nikaona sufuria inapinduliwa juu ya sinia, ukoko mzima wa rangi ya dhahabu, na mimi mgeni nikakatiwa kipande kikubwa kuliko baba mwenye nyumba. Kwetu sisi watoto tuligombea ukoko jikoni na mama akatufukuza.

Wao wanaupika kwa makusudi. Mchele wa basmati unachemshwa nusu kiini, unamwagwa maji yote. Sufuria inarudi motoni na mafuta na zafarani iliyolowekwa, wali unapangwa kama kilima, unatobolewa matundu kwa mpini wa mwiko, mfuniko unavishwa taulo ili mvuke usirudi ndani kama maji. Moto mkali kidogo mwanzoni, kisha mdogo kabisa. Ukiwa tayari, tumbukiza kitako cha sufuria kwenye maji baridi, ukoko unaachia. Wengine wanatandaza vipande vya viazi chini. Wanangu sasa wanadai ukoko wa viazi kila Jumapili.

Mkaazi wa Ngara

Nairobi hapa. Nilisomea Korea Kusini, Daejeon. Kilichonifurahisha kwenye hoteli zao ni vile vibakuli vya kando: unaagiza supu moja, mezani vinakuja kimchi (kabeji iliyochachishwa kwa chumvi na pilipili), spinachi, dagaa watamu, figili, na ukimaliza unaongezewa bila kulipa. Mkubwa ndiye anayeshika kijiko kwanza, na ukimmiminia mzee kinywaji unatumia mikono miwili. Mtu aliyelelewa vizuri kwetu hahitaji kufundishwa hilo.

Kimchi natengeneza mwenyewe. Kabeji ya Kichina ile ndefu naipata Parklands, Diamond Plaza na maduka ya karibu. Ikikosekana, kabeji yetu ya kawaida inakubali ukiikata vipande na kuiacha kwenye chumvi muda mrefu zaidi, mpaka jani linakunjika bila kuvunjika. Pilipili yao ya unga ndiyo usibadilishe. Yetu ni kali mno na haina utamu ule, utaishia kutia kidogo na kabeji ibaki nyeupe. Wakorea wanaitengeneza kwa pamoja kabla ya baridi, ndugu na majirani, na UNESCO iliiorodhesha desturi hiyo 2013. Mimi naitengeneza na majirani wawili wa ploti yetu, mmoja Mkisii, mmoja Mhindi, na kila mtu anaondoka na mtungi wake.

Mkulima Babati

Mama wa Upanga, mke wangu amesoma uzi wote. Anauliza hayo maganda ya mlonge yanachumwa lini na yanaliwaje, maana tunao miti mitatu uani.

Mama wa Upanga

Mwambie wifi achume yakiwa mabichi, unene wa kidole kidogo, yanapovunjika kwa urahisi. Yakishakuwa na ubavu mgumu na mbegu zimekomaa, yaache ya kupanda. Akwangue ngozi ya juu kidogo tu, akate urefu wa kidole, ayatie kwenye maji ya ukwaju mapema kuliko mboga nyingine kwa sababu yanachelewa. Ukila unalipasua kwa meno, unakwangua nyama ya ndani na mbegu zake laini, ganda unaliweka kando ya sahani. Halimezwi. Na ale kwa mkono, kijiko hakifai.