Tumbo inakaza kaza na niko wiki 31, ni kawaida ama niende hosi?

Mama_Pipeline
Wamama habarini. Niko wiki 31, mimba ya kwanza. Tangu jana jioni tumbo inakaza inakuwa ngumu kama mpira halafu inalegea. Si ule uchungu wa kulia, ni kama siku za mwezi zikianza hivi, mgongo huku chini inauma na kuna kitu inasukuma kwa nyonga kama mtoto anataka kuanguka. Leo nimefua na nikapandisha mitungi mbili za maji hadi ghorofa ya sita juu stima ilipotea na pampu haifanyi, sa sijui kama ni kuchoka tu. Mamangu kwa simu anasema mimba ya kwanza hufanya hivyo nipumzike. Mzee ako shifti ya usiku Indastria. Nisubiri kliniki ya Alhamisi? Sitaki kufika huko saa tano usiku nirudishwe na maneno juu.

wa_kayole
Siz, inakuja mara ngapi kwa saa? Kunywa maji glasi mbili, enda choo kwanza maana kibofu ikijaa pia hukaza tumbo, halafu lalia ubavu wa kushoto uweke mkono kwa tumbo na uangalie saa ya simu. Andika kila ikianza. Yangu ya uongo, ile kukaza isiyo ya kuzaa, ilikuwa inakuja vile inataka, mara dakika ishirini mara saa nzima hakuna, nikigeuka inaisha. Ile ya ukweli haijali umelala ama umesimama.

Jirani_Mwema
Chemsha tangawizi na pilipili manga unywe ikiwa moto, asubuhi utakuwa sawa. Hosi watakukimbiza thieta bure.

nesi_wa_leba
Jirani, tafadhali hiyo tangawizi yako weka kwa chai. Mama_Pipeline, miaka kumi na moja niko leba na hayo maneno ya "ni kama siku za mwezi" na "kitu kinasukuma chini" nimeyasikia kwa wamama wengi sana waliokuja wamechelewa. Chini ya wiki 37 hatusubiri iume. Ukihesabu ifike nne au zaidi ndani ya saa moja, au kila dakika kumi na chini ya hapo, ondoka. Na kama kuna damu, au maji yanachuruzika (weka pedi safi uangalie, mkojo una harufu yake), au mtoto amepunguza kucheza, hapo hata usihesabu.

Sababu ya haraka ni hii. Mapafu ya mtoto wa wiki 31 bado, na kuna sindano ya deksamethasoni tunampa mama ili mapafu ya mtoto yakomae, nne, kila baada ya saa 12. Kwa hivyo tunahitaji siku mbili hivi, na kuna dawa kama nifedipini za kutuliza tumbo ili tuzipate hizo siku. Ukija mtoto ashaonyesha kichwa, sindano haina tena wakati wa kufanya kazi. Tutapima mkojo pia, maana maambukizi ya mkojo huleta haya mambo sana na mama hata hajui anayo. Na uende penye wadi ya watoto wachanga, huko kwako hospitali ya Mama Lucy si mbali. Mtoto akihamishwa akiwa tumboni ni rahisi kuliko kumhamisha na oksijeni. Beba kitabu cha kliniki.

mama_kilo_moja
Mimi nilirudishwa. Kliniki ndogo ya mtaa, sitaitaja, waliniambia ni gesi wakanipa dawa nyeupe ya chupa. Hakuna mtu aliweka mkono kwa tumbo yangu wala kupima mkojo. Baada ya siku mbili nikazaa, wiki 29, kilo 1.2. Wiki sita wadi, maziwa nakamua napeleka mililita 3 kwa sirinji ikipitia kwa mrija wa pua, halafu namfunga kifuani kwa leso ngozi kwa ngozi kama kangaruu, nalala nimekaa. Ako PP2 (chekechea) sasa na ni mtundu ajabu. Lakini dada, ukirudishwa na bado inakaza, enda kwingine usiku huo huo. Maneno yao haikuui.

Mama_Pipeline
Nimehesabu. Saba kwa saa moja na nimelala. Nimepigia mzee, jirani ananishikilia tushuke hizi ngazi.

wa_kayole
Shukeni pole pole, na usipande nduthi aki, tafuta gari.

Mama_Pipeline
Siku ya tano leo, niko nyumbani, bado na tumbo yangu. Mlango wa uzazi ulikuwa umefunguka sentimita moja. Mkojo ulikuwa na maambukizi na mimi sikuwa nasikia kuungua hata kidogo. Sindano zote nne nimepata, ya tatu ndio iliniuma mbaya, na antibayotiki namaliza hapa nyumbani. Hakuna aliyeniongelesha vibaya, daktari wa zamu aliuliza tu mbona sikuja jana yake. Ikianza tena nimeambiwa nirudi bila kuhesabu. Mamangu amefika na basi ya usiku na ameninyang'anya beseni. Mitungi, mzee analipa kijana wa mkokoteni apandishe, na jana alilalamika ghorofa ya sita ni mbali.