Mionzi ya kifua na kumeza kwa shida, tupeane uzoefu

Habari wana Dodoma. Mzee wangu ana saratani ya mapafu, tuko Dar kwa mionzi pale Ocean Road, J3 mpaka Ijumaa. Wiki mbili za mwanzo alikuwa fresh kabisa, ya tatu akaanza kusema chakula kinakwama katikati ya kifua, hata mate akimeza anakunja uso, nikajua saratani imepanda shingoni. Kumbe ni umio, njia ya chakula inapita hapohapo kifuani, mionzi ikipiga pafu nayo inababuka kwa ndani. Waliopitia mlikula nini?

Wa Kongwa: Pole mkuu. Mimi nilipigwa ya tezi za kifuani. Mlenda ndugu yangu! Watutanie Wagogo wanavyotaka ila ugali wa uwele uliolegea, upoe, umwagie mlenda, unateleza wenyewe. Uji wa uwele na karanga za kusaga pia, kidogo kidogo mara sita kwa siku. Kosa langu ubuyu, nilihisi nimemeza kaa la moto. Chachu, pilipili, chai ya moto, sigara na pombe aache.

Wa Mpwapwa: Mama alipewa dawa ya maji ya ganzi anameza kabla ya kula, na omeprazo ya kupunguza asidi ya tumbo, maumivu yakazidi wakaongeza mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu. Ndugu wakaja juu eti atakuwa teja, daktari akatuambia asipokula atakonda mpaka mionzi isimamishwe, na kuisimamisha katikati ndo hasara yenyewe. Halafu muangalie mdomoni, ukiona utando mweupe sema mapema, mama alikuwa anapewa mionzi pamoja na kemo, zile dawa za kuua saratani, na kumbe fangasi zilishashuka kooni, tulikaa kimya siku nne bure.

Wa Kondoa: Usishtuke ikiendelea hata akimaliza, yangu ilitulia wiki ya tatu baada ya dozi ya mwisho. Ila miezi mitano mbele nyama ikaanza kukwama, haiumi, inakwama tu. Kovu lilikuwa limebana njia, wakaingiza mpira wenye kamera wakaitanua, sasa hivi nakula hadi makande.

Mwanzisha uzi: Asanteni jamani, la fangasi kesho naliuliza. Nimempigia dada Chamwino, mlenda mkavu unapanda treni kesho asubuhi, mzee kusikia hivyo kacheka, leo ndo mara ya kwanza wiki hii.