Naomba ushauri: tezi dume, kibofu kilichochoka na upasuaji wa mzee

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Nipo Mwanza, namuuguza baba, ana miaka 71. Tezi dume ilikuwa imebana njia ya mkojo kwa muda mrefu, naye akanyamaza kama wazee wetu wengi, mpaka mkojo ukagoma kabisa akawekewa mpira wa kutolea mkojo. Ultrasaundi inaonyesha ukuta wa kibofu umekuwa mnene. Figo ziko salama, namshukuru Mungu. Anatumia dawa za tezi dume, tamsulosini na finasteride. Mpira ulipotolewa kwa majaribio alikaa bafuni bomba likiwa wazi, akatoa matone tu, ukarudishwa.

Kinachoninyima usingizi ni maelezo ya daktari. Kibofu kikisukuma dhidi ya kizuizi, seli za misuli hutanuka na kunenepa. Presha ndani ya kibofu ikipanda, damu hufika kidogo kwenye ukuta wake, oksijeni inapungua, na seli huachia protini kama TGF-beta zinazoamsha utengenezaji wa kolajeni, yaani nyuzi ngumu zinazojenga kovu. Taratibu kovu linachukua nafasi ya msuli, na kovu halikamui mkojo. Ndiyo maana naogopa afanyiwe upasuaji, njia ifunguke, halafu kibofu chenyewe kisiwe na nguvu.

Naomba kujua: kile kipimo cha presha ya kibofu, cha kuona kama msuli bado unakamua, kinapatikana hapa Bugando au ni mpaka Muhimbili? Na waliouguza mzee aliyekaa na mpira muda mrefu, baada ya upasuaji aliweza kukojoa mwenyewe?